Sura Zetu na Majina Yetu: Historia ya Picha za Studio na Funzo Lake kwa Kumbukumbu ya Kambi



Kila mkimbizi ana picha yake mahali fulani. Ipo ya usajili, iliyopigwa siku alipopokelewa. Ipo ya kadi. Huenda ipo na nyingine iliyopigwa na mgeni aliyepita na gari siku moja, ambayo mwenyewe hajaiona mpaka leo. Lakini picha ambayo mtu amevaa vizuri, akakaa jinsi alivyotaka, akaipokea mkononi na kuiweka ukutani, hiyo ni adimu kwetu. Wengi tuliokuwa nazo tuliziacha ng'ambo ya ziwa, ndani ya albamu, pamoja na nyumba.

Ndiyo maana wazo la kupiga picha za studio za wakazi wa kambi, kijiji kwa kijiji, na kuzikusanya ziwe kumbukumbu, linastahili kupokelewa vizuri. Tatizo ni kwamba tukisikia neno picha tunafikiri kwanza kamera: nani anayo, ni ya aina gani, nani atainunua. Historia inaonyesha kwamba kamera ni sehemu ndogo ya kazi. Kazi kubwa ni mbili. Ya kwanza ni kupanga kabla ya kupiga. Ya pili ni kuhariri baada ya kupiga, yaani kuchagua picha ipi ibaki, ipi iwekwe kando, ipi itangulie, na maneno gani yaandikwe chini yake. Waliofanya kazi hizi mbili vizuri walituachia kumbukumbu. Waliokosea sehemu moja waliacha sura zisizojulikana ni za nani, na mara nyingine sura hizo zilileta madhara.

PICHA YA KADI NA PICHA YA STUDIO

Hapana budi kuanza na picha tunayoijua sana, yaani ya kadi. Picha hiyo hupigwa kwa faida ya ofisi. Ofisi ndiyo inayoamua mtu atazame wapi, avue kofia au asivue, na maneno gani yafuatane na sura yake.

Maneno hayo si jambo dogo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Wabelgiji ulianza kutoa vitambulisho vilivyoandikwa kabila la mtu katika Rwanda. Utaratibu huo uliendelea baada ya uhuru, hata mwaka 1994 vitambulisho hivyo vikatumika kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani apite na nani auawe. Neno moja lililowekwa na karani lilikuwa limefuata familia kwa miaka 60. Huko Ujerumani nako, mwaka 1938, serikali ya Hitler iliwaamuru Wayahudi kuchukua vitambulisho maalumu, na pasipoti zao zikapigwa mhuri wa herufi J. Watu waliingia katika studio za picha kwa sababu ya amri hiyo.

Hata hivyo picha ya ofisi iliwahi pia kuokoa. Baada ya 1994, watoto wengi sana wa Rwanda walikuwa wamepotezana na wazazi wao, wengine wakiwa wadogo mno kutaja jina la kijiji. Msalaba Mwekundu, UNICEF na mashirika mengine walipiga picha za maelfu ya watoto hao, kila picha na namba yake, zikaonyeshwa kambini na huko Rwanda ili wazazi wazitambue. Kilichowarudisha watoto nyumbani ni sura pamoja na daftari. Picha bila namba isingesaidia, na namba bila sura isingemwambia mama chochote.

Basi tangu hapo tunaona jambo la kwanza: sura na maandishi yake ni kitu kimoja, na anayeyashika maandishi ana nguvu juu ya mwenye sura.

BAMAKO: MTEJA ALIVYOTAKA KUONEKANA

Picha ya studio ina desturi tofauti, kwa sababu mtu huja mwenyewe na kulipa. Afrika yetu ina historia ndefu ya kazi hiyo. Pale Unguja, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930. Kinshasa, katika miaka ya 1950, Jean Depara alipiga picha za vijana wa mjini na za mwanamuziki Franco. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa Seydou Keïta wa Bamako, Mali.

Keïta alizaliwa karibu na mwaka 1921. Mwaka 1935 mjomba wake alimletea kamera ndogo kutoka Senegal, akajifunza mwenyewe na kwa wapiga picha waliomtangulia. Mwaka 1948 alifungua studio yake katika mtaa wa Bamako-Coura, karibu na stesheni ya treni. Abiria walioteremka kwenye reli ya kutoka Dakar walimpitia, na wenyeji wa mji walikuja siku za sikukuu.

Vifaa vyake havikuwa vya ajabu. Alitumia kamera kubwa ya sanduku, negativu za sentimita 13 kwa 18, na mara nyingi mwanga wa jua uani kwake. Pazia lake la kwanza la nyuma lilikuwa shuka ya kitanda chake mwenyewe. Kwa kuwa negativu zilikuwa ghali, kwa kawaida alipiga picha moja tu kwa mteja mmoja. Kwa hiyo kazi yote ya kupanga ilifanyika kabla. Ukutani alitundika picha za mfano, mteja akachagua namna ya kukaa. Palikuwa na suti, saa, kalamu za wino na redio kwa asiyekuwa navyo, hata gari la Keïta lilitokea katika picha. Aliupanga mkono, akageuza bega kidogo, akanyoosha kanzu, kisha akapiga.

Wengine husema vitu hivyo vya kuazima vilikuwa uongo. Tufikiri kidogo. Mfanyakazi wa reli aliyeshika redio ya studio hakumdanganya mtu kwamba ni tajiri. Alichagua jinsi atakavyokumbukwa na watoto wake, na mpiga picha akamsaidia. Katika picha ya kadi hakuna anayemuuliza mtu swali hilo.

Keïta alihifadhi maelfu ya negativu zake katika masanduku. Mwaka 1962 serikali ya Mali ilimchukua awe mpiga picha wake, na studio ikafungwa baadaye. Zikapita karibu miaka 30. Mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilionyeshwa New York, na chini yake haikuandikwa Seydou Keïta: iliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Ndipo alipotafutwa hadi Bamako, akapatikana yu hai, na mwaka 1994 akafanyiwa maonyesho makubwa Paris. Alifariki mwaka 2001, na baada ya hapo ugomvi juu ya nani mwenye haki ya negativu ulifika mahakamani.

Jina la mpiga picha lilirudi. Majina ya waliopigwa, kwa sehemu kubwa, hayakurudi. Picha walizochukua nyumbani zilikuwa na majina vichwani mwa familia, lakini negativu za studio hazikuwa na daftari la kutosha. Leo tunamwona mama amevaa vizuri, mtoto mapajani, na hatuwezi kumtaja. Jambo moja tu liliokoa sehemu ya historia: Keïta alibadilisha pazia la nyuma kila baada ya miaka michache, hivyo kwa kulitazama pazia aliweza kusema picha ni ya miaka gani. Kitambaa kilifanya kazi ambayo daftari halikufanya.

KÖLN: MPANGILIO NAO UNASEMA

Mfano wa pili unatoka mbali zaidi, lakini unagusa hasa suala la kuhariri. August Sander alizaliwa Ujerumani mwaka 1876, akawa na studio katika mji wa Köln. Katika miaka ya 1920 aliazimia kukusanya sura za watu wote wa nchi yake katika mradi mmoja alioupa jina la Watu wa Karne ya Ishirini. Aliugawa katika makundi saba: wakulima, mafundi, wanawake, tabaka na kazi mbalimbali, wasanii, mji mkubwa, na mwisho kundi aliloliita watu wa mwisho, ambamo aliweka vipofu, wagonjwa na wafu. Ndani ya makundi hayo alipanga mafaili 45, kila faili picha 12. Ukizidisha unapata picha 540, wakati yeye alipiga makumi ya maelfu. Hiyo ndiyo kazi ya mhariri: kuacha nyingi ili chache zisikike.

Mwaka 1929 alitoa kitabu cha kwanza chenye picha 60. Mwaka 1936 utawala wa Hitler uliharibu vibao vya kuchapia kitabu hicho. Serikali hiyo ilitaka watu waone aina moja tu ya Mjerumani, na kitabu kilionyesha wengi: mkulima, mwokaji mikate, mwanafunzi, asiye na kazi. Mwanawe Erich alikamatwa mwaka 1934 kwa siasa, akafungwa miaka 10, akafia gerezani mwaka 1944.

Sander hakuacha. Mwaka 1938, Wayahudi wa Köln walipohitaji picha za vitambulisho na pasipoti, baadhi yao walikuja kwake. Aliwapiga kwa mwanga ule ule na utulivu ule ule aliowapigia watu wengine wote. Karatasi za serikali zilitaka alama ya kuwatenga, na studio iliwapa heshima ya mteja. Baada ya vita picha hizo ziliingia katika mkusanyiko wake kama faili la walioteswa, na faili jingine likawa la wafungwa wa siasa, kwa picha zilizopigwa na Erich gerezani. Kwa hiyo picha iliyoanza kama ya kadi ilihaririwa ikawa kumbukumbu. Baadaye watafiti waliwatafuta wenye sura hizo mmoja mmoja, na mwaka 2018 yalifanyika maonyesho Paris ambapo picha zao zilionyeshwa pamoja na habari za maisha yao. Wengi walikuwa wameuawa. Lakini walirudishiwa majina.

Sander anatufundisha pia kuhifadhi. Wakati wa vita alihamisha negativu karibu 10,000 kutoka Köln kwenda kijijini. Studio yake ilipigwa na mabomu mwaka 1944. Negativu karibu 30,000 zilizobaki katika chumba cha chini mjini ziliteketea kwa moto baada ya vita. Zilizonusurika ni zile zilizokuwa zimewekwa mahali pengine.

Tuseme na upungufu wake. Kuwaweka vipofu na wagonjwa katika kundi la mwisho ni uamuzi wa mhariri, na msomaji anausoma hata kama hakuna neno lililoandikwa. Sisi tukiwaweka wenye ulemavu kwenye ukurasa wa mwisho chini ya kichwa chao peke yao, tutakuwa tumesema jambo hilo hilo. Fundi cherehani asiye na mguu ni fundi cherehani. Mahali pake ni pamoja na mafundi.

HEMA LA STUDIO, NA NGARA MWAKA 1994

Wapo wanaouliza: studio kambini itakuwa wapi, sisi wa nyumba za udongo na turubai? Swali hili limeshajibiwa. Mmarekani Irving Penn alikodi studio ya mpiga picha wa mji wa Cuzco, Peru, mwaka 1948, na watu walipokuja kupigwa kama desturi yao, yeye ndiye aliyewalipa. Baadaye, kati ya miaka ya 1960 na 1970, alisafiri na hema lililotumika kama studio katika nchi kadhaa, pamoja na Dahomey, ambayo leo ni Benin, na Kamerun. Hema, pazia moja la rangi ya kijivu na mwanga wa mchana vilitosha. Picha zake ni nzuri sana. Ila yeye ndiye aliyelipa, yeye ndiye aliyechagua, na wengi wa waliopigwa wanajulikana kwa nchi yao tu.

Karibu zaidi nasi yupo Fazal Sheikh, mzaliwa wa New York ambaye ukoo wake umepita Kenya. Tangu mwaka 1992 alipiga picha katika kambi za wakimbizi nchini Kenya, kisha akafika Tanzania. Ngara ya mwaka 1994 wengi tunaikumbuka au tumesimuliwa: watu zaidi ya 200,000 walivuka Rusumo katika siku chache, na wapiga picha wa magazeti wakaja kupiga umati. Sheikh katika kambi ya Lumasi alifanya kinyume. Alizungumza na wazee kwanza, akaomba ruhusa, watu wakasimama mbele ya kamera kwa utulivu wakijua wanapigwa, na chini ya picha nyingi akaandika majina yao, kambi na mwaka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Baadaye alirudi tena kwa Wasomali waliokuwa kambini Kenya, na mwaka 2001 akatoa kitabu juu ya wanawake wao. Hakuwa na jengo la studio. Alikuwa na makubaliano na watu, na mtu huweza kurudi mahali alipoacha majina.

MAMBO YA KUPANGA

Kutokana na historia hiyo, tunapendekeza yafuatayo yajadiliwe katika mikutano ya vijiji kabla kamera haijatolewa mfukoni.

Kwanza, kila anayepigwa apate picha yake iliyochapwa, mkononi, bila malipo. Kama fedha zinatosha picha 100 tu, wapigwe watu 100. Tusipige 1,000 na kuahidi.

Pili, mtu achague nguo, kiti, na kitu cha kushika. Anayetaka kushika Biblia, Kurani, jembe, mpira au mtoto, aachwe. Anayetaka kuazima koti, aazimwe.

Tatu, pazia liwe moja kwa kipindi kimoja, la kitambaa kinachopatikana sokoni. Likibadilishwa, tarehe iandikwe. Turubai la msaada lisitumike, kwa maana litamfanya kila mmoja aonekane mkimbizi kabla ya kuonekana mtu.

Nne, kukataa kuwe rahisi. Wapo miongoni mwetu waliokimbia watu wanaowafahamu kwa sura. Picha ya kuweka nyumbani ni jambo moja, na picha ya kuchapwa katika jarida linalovuka mipaka ni jambo jingine. Mtu aulizwe mara mbili, swali moja kwa kila jambo, na aruhusiwe kubadili nia kabla ya kuchapa. Watoto waombewe ruhusa na wazazi. Watoto walio peke yao wasichapwe kabisa, hata kama mlezi amekubali.

Tano, liwepo daftari. Namba ya picha, jina kama mwenyewe anavyolitamka na kuliandika, mwaka, na jibu lake la ruhusa. Daftari lisikae pamoja na picha sehemu moja, na nakala moja ya picha iwekwe mahali pengine. Watumishi wa mashirika wanaweza kutusaidia hapa kuliko kwa kamera. Picha za simu nazo zipo katika hatari hiyo hiyo: simu ikianguka majini au ikiuzwa, sura zote zinakwenda nayo.

MAMBO YA KUHARIRI

Wahariri wasiwe watu wa kamati peke yao. Wawepo mama mmoja, kijana mmoja na mzee mmoja kutoka kila eneo, waketi mezani na picha zote mbele yao. Tukiwaachia wageni kazi ya kuchagua, watachagua sura zenye huzuni, kwa kuwa ndizo zinazotumika kuombea msaada. Tukichagua viongozi peke yetu, tutajaza viongozi. Kila familia iliyopigwa iwe na picha moja walau katika albamu ya kijiji, hata isipochapwa katika jarida.

Juu ya maneno ya chini ya picha, suala la kabila litaleta mjadala. Wapo wazee wanaosema kwamba watoto waliozaliwa hapa watasahau asili yao. Hoja yao ni ya kweli na haipaswi kupuuzwa. Lakini tumeona neno la karani lilivyofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1994. Kwa hiyo karani wa mradi asiwe na safu ya kabila katika daftari lake. Badala yake mtu aulizwe swali moja: unataka watu wajue nini juu yako? Mmoja atataja kijiji chake cha Fizi. Mwingine atasema yeye ni mwalimu, au fundi wa baiskeli, au mama wa watoto saba. Kinachotoka kinywani mwake ndicho kiandikwe, na asomewe kabla ya kuchapwa.

Mpangilio uwe wa kuchanganya. Aliyekuja mwaka 1996 akae karibu na aliyezaliwa kambini, mwenye duka karibu na mbeba kuni. Mwisho pawe na kurasa chache tupu, kwa ajili ya waliofariki ambao familia zao zimehifadhi japo picha moja ndogo ya kadi. Kama Sander alivyofanya kwa picha za vitambulisho, picha hiyo ndogo inaweza kukuzwa, ikapewa jina na ikaketi pamoja na nyingine kwa heshima ile ile.

Wajukuu wetu wataishi pengine Kivu, pengine Kigoma, pengine Marekani au Kanada. Watauliza bibi alikuwa na sura gani na alikuwa akiitwa nani. Swali la pili ndilo gumu zaidi kujibu baada ya miaka 50, na linaweza kujibiwa leo kwa daftari na kalamu. Tunaomba kila kijiji kilete majina ya watakaosaidia kuandika, hata kabla ya kumpata mpiga picha.